Baba Mkubwa na Sindano ya Mghoi

Enzi zetu hata magonjwa yalikuwa na wenyewe. Surua ilikuwa ya watoto, baridi yabisi ya akina nyanya, na ugonjwa wa sukari, pale kwetu Kaloleni, Voi, ulikuwa wa Baba Mkubwa peke yake.

Alikuwa karani wa reli, mwenye kitambi na kaptura ya kupigwa pasi. Ugonjwa ulimwingia polepole, mwaka baada ya mwaka: kiu, nyayo kuwaka moto, kidonda kisichopona. Daktari alipoutaja, Baba Mkubwa alirudi nyumbani kama aliyepandishwa cheo. Sisimizi walipojaa pale alipokojoa, alituita watoto tuwaone. "Hawa wanamjua mtu aliyekula vizuri," alisema. Tulimwonea wivu, maana sisi sukari tuliionja Krismasi.

Basi dada yangu Mghoi, wa miaka tisa na mwembamba kama ufito, akaanza kunywa maji. Alimaliza mtungi na bado akalia kiu. Katika wiki tatu gauni lake la shule likawa linaning'inia tu, na sisimizi wakahamia kwake. Mama akasema ni sukari.

Baba Mkubwa aling'aka. "Sukari gani? Mtoto hajafanya kazi hata siku moja! Ana minyoo huyo. Mpeni miwa anenepe."

Tukampa. Mimi mwenyewe nilimmenyea, Mungu anisamehe. Siku ya tatu hakuamka, na pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Baba akamfunga mgongoni kwa leso, akapanda baiskeli mbio hadi hospitali.

Sindano ndiyo iliyomrudisha. Daktari alieleza kwamba mwili wa Baba Mkubwa bado unatengeneza dawa yake, ila umekuwa mkaidi kuitumia. Wa Mghoi umeacha kuitengeneza kabisa. Mzee apunguze ugali na atembee. Mtoto adungwe kila siku, maisha yake yote.

Mtoto apewe sindano, karani anyimwe? Baba Mkubwa hakukubali. Kila asubuhi alimshika Mghoi mkono, wakaenda hospitali kwa miguu, akasimama mbele yake na kumwambia dresa, yule muuguzi mwenye sindano, "Anza na mwenye ugonjwa." Kila asubuhi alifukuzwa, akarudi akifoka njia nzima. Kufikia mvua za vuli kitambi kilikuwa kimekwisha, kidonda kimepona, na sisimizi wamemhama. Alihuzunika sana. "Mtoto kaninyang'anya," alisema, na kesho yake akamshika mkono tena, miaka yote hadi alipofariki.

Siku hizi vijana mnatoboa kidole na kimashine kinawasomea. Mnalipia hata kukimbia juu ya mtambo usiofika popote. Dawa zenu ni bora, sikatai, lakini kila mtu anaugua peke yake na simu yake.

Mghoi sasa ni nyanya. Hujidunga mwenyewe jikoni, na kabla ya sindano kuingia husema, kwa sauti ya karani wa reli, "Anza na mwenye ugonjwa." Hucheka. Kisha huutazama mkono wake, ule aliokuwa akishikwa kila asubuhi.