Nukta ya Tatu Kwenye Bawa la Nondo

Jamani, hili nilitaka nife nalo, lakini kwa kuwa Dada Rehema ameshaanza kuwasimulia huku akilitia chumvi, bora mlisikie kwangu mwenyewe.

Mnajua nasomea wadudu hapa Guangzhou. Mwalimu wangu, Laoshi Liang (laoshi ndiyo mwalimu kwao), alinipa kisanduku cha nondo wakavu, siyo nondo za kujengea, hawa ndugu zake vipepeo, wadogo kama ukucha wa kidole gumba, weupe wenye mistari myekundu. Kazi yangu kuwatenganisha: mistari inapita wapi, nukta nyeusi ni ngapi, na dume ana kale kakunjo ukingoni mwa bawa ambako jike hana. Asubuhi hiyo nilichelewa, nikaona mkate wangu niule palepale kwenye hadubini. Basi, kosa lenyewe ndilo hilo.

Natazama, namwona mmoja ana nukta tatu, wenzake wote wana mbili! Nikamwambia Rehema, Rehema akawaambia wenzetu wa maabara, wao wakamwita Laoshi, Laoshi akaja na profesa mgeni aliyekuwa akimtembeza, na mimi, badala ya kunyamaza, nikasimama mbele ya skrini ya hadubini nikahutubia: "Huyu huenda hajawahi kuandikwa popote!"

Laoshi akachukua brashi laini, akaigusa nukta. Ikabiringika.

Yule mgeni akaiokota kwa kibano, akainusa (kweli tena, akainusa!), akasema, "Zhima."

Ufuta. Punje ya ufuta mweusi wa mkate wangu, na mimi mtoto wa Lindi, niliyekulia kwenye mashamba ya ufuta!

Walicheka hadi wakashika meza. Mimi kicheko sikukisikia, nilikuwa nawaza bawa, maana nondo yule ni wa kuazima, akiingia mafuta sijui ningemweleza nani. Laoshi akainamia hadubini, akakaa, akakaa, jasho likanitoka hadi kwenye soksi.

"Bawa zima," akasema. "Na madume na majike umewatenganisha sawasawa, hata mmoja hukukosea."

"Nisamehe, Laoshi."

"Kanawe mikono. Kesho nakuletea kisanduku cha pili."

Nilitoka nikakaa ngazini, nikacheka peke yangu mpaka machozi. Siku hizi nikiona cha ajabu, kwanza nakigusa kwa brashi, namwita mtu mmoja tu, tena kwa sauti ya chini.