Mama Mkwe Kwenye Mkeka wa Pili

Mke wangu alirudi kwao Rodi Kopany kwa sababu ya uso wangu. Si pombe, si mwanamke mwingine: uso. Tangu kibanda changu cha kushona nguo kihamishiwe nyuma ya soko la Homa Bay nilikuwa nimenuna asubuhi hadi jioni, naye aliniambia wazi kwamba atarudi siku uso huo utakapofunguka. Nikabaki na redio na sufuria zake. Nilimkumbuka sana, na nilivyozidi kumkumbuka ndivyo nilivyozidi kununa.

Presha ikapanda. Muuguzi wa zahanati, msichana asiyekubali kukataliwa, akanituma kwenye yoga aliyokuwa akifundisha katika ukumbi wa kanisa. Nilifika nimechelewa. Watu walikuwa wamelala chali kimya, wengine wamejifunika leso usoni. Nikajilaza kwenye mkeka uliobaki, karibu na mama mmoja mnene aliyejifunika hivyo.

"Sasa mtabasamu," muuguzi akasema. "Hata kama ni ya uongo. Moyo utafuata tu."

Nikavuta midomo kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilijiona mjinga kabisa.

"Toeni leso. Kila mtu amgeukie jirani yake, afungue macho, ampe hiyo tabasamu."

Niligeuka, nikafungua macho. Aliyekuwa akinitabasamia, kichwa wazi, alikuwa maro, mama mzazi wa mke wangu.

Kwetu mtu hali chakula mbele ya mama mkwe wake, wala mama huyo halali nyumbani kwa binti yake. Na mimi hapo nilikuwa nimelala naye mkeka kwa mkeka, nimevaa kaptura. Nikafumba macho haraka, lakini yeye alinitangulia. Kuinuka kungekuwa kukiri kwamba tumeonana, kwa hiyo hakuna aliyeinuka.

"Nyinyi wawili, sioni tabasamu," muuguzi akasema.

Tukatabasamu, macho tumefumba. Kitu kikaanza kunitekenya tumboni. Nikasikia mkeka wa pili ukitikisika, kisha pumzi ikamtoka puani kama uji unaotaka kufurika. Hapo nilishindwa. Nilicheka mpaka machozi yakaniingia masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu kibanda kihame nilijisikia mwepesi, nikafurahi bila sababu yoyote ya maana.

Nilipofungua macho mkeka wake ulikuwa mtupu.

Kesho yake mke wangu alishuka kwenye boda na begi lake. Aliniangalia usoni kwa muda.

"Mama anasema jana hakukuona mahali popote," akasema. "Ameapa kabisa."

"Hata mimi sikumwona."

"Lakini anasema siku hizi unacheka."

Akabeba begi lake kuingia ndani. Alipofika mlangoni akageuka.

"Pia amesema yeye anaendanga Jumanne. Wewe utakuwa unaenda Alhamisi."