Bosi anataka niimbe, na nikiimba vidole vinakufa

Admin, nifichie jina tafadhali. Lodwar ni mji mdogo na bosi wangu husoma ukurasa huu kuliko anavyosoma Biblia. Majina nitakayotaja si ya kweli.

Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na minane, Mturkana wa Lokori. Naishi Lodwar na mke wangu Akiru, ambaye ni mjamzito. Kazi yangu ni kupiga gita la besi kwenye bendi ya hoteli moja hapa mjini. Hatuna nyimbo zetu wenyewe, tunapiga za watu: zilizopendwa, rumba, na benga kidogo wakija wageni wa Kisumu. Tangu mafuta yapatikane huku hoteli haikosi wageni, na miaka yote hiyo nimekula kwa hilo gita bila kufungua mdomo hata siku moja. Husimama nyuma kando ya dramu, kofia imeshuka machoni, na sina ugomvi na mtu.

Raha hiyo iliisha mwimbaji wetu alipohamia Eldoret. Kiongozi wetu, ndiye huyo bosi, nimwite Wafula, mtu wa Bungoma aliyekuja huku na biashara ya spika, alituita akasema kuanzia sasa kila mpigaji ataimba.

"Mimi siwezi lisha mtu ya kupiga tu," alisema. "Huko kambini Kakuma kuna Wakongo, mtu moja anapiga na anaimba."

Wenzangu wakakubali. Mimi nikasema sijui kuimba. Wafula akanicheka.

"Wewe ni Mturkana gani? Si wazee wenu huimbia ng'ombe mchana mzima?"

Ni kweli. Kwetu mwanaume huwa na dume lake analolipenda, akalitungia wimbo, na akiuimba kwenye ngoma huinua mikono juu na kuipinda kama pembe za dume hilo. Lakini mimi nilipelekwa bweni la misheni nikiwa mdogo. Sina dume, sina wimbo. Hilo sikumwambia, ningejiongezea aibu bure. Nikaanza kwenda peke yangu kwenye mchanga wa mto kujifunza, mbuzi wakinisikiliza.

Kisha tukaitwa Kakuma, harusi ya Wakongo. Maharusi walikuwa wanaingia kwa ule mwendo wao wa kucheza polepole, msafara mrefu nyuma yao. Zamu yangu ya kuitikia ikafika. Nikafungua mdomo, sauti isitoke, na vidole vikaganda. Jamani, besi ikinyamaza katikati ya rumba, hata asiyejua muziki anajua. Bibi harusi akakosa pa kukanyaga, msafara wote ukasimama, watu wakageuka kunitazama mimi. Masikio yaliziba. Niliogopa vile sijawahi kuogopa, nikadhani naanguka.

Mgeni mmoja akaja akanivua gita shingoni, taratibu, bila kunicheka. Akaendelea pale nilipoachia, tena akiimba. Huyo ndiye Ilunga, mkimbizi wa pale kambini.

Siku iliyofuata, tukiwa bado Kakuma, Wafula aliniacha naye anifundishe. Nilimchukia kabla hata sijakaa, maana nilijua ndiye atakayechukua kazi yangu. Lakini ni mtu mwema, na hilo ndilo linaniumiza.

"Weye unapigaka muzuri," aliniambia. "Ila ukifungua kinywa, vidole vinakufa. Weka gita chini kwanza. Kwenu wanaume wanaimbaka namna gani?"

Nikainua mikono ile ya pembe, nikitaka kumwonyesha tu. Sauti ikatoka. Sijui ilitoka wapi, nene, ya baba yangu kabisa. Nilishtuka nikashusha mikono, na sauti ikakatika. Ilunga akasema, "Rudia." Nikainua, ikatoka. Nikashika gita, ikapotea. Tulirudia mpaka koo likauma, na kila mara ni vilevile. Mikono ikiwa kwenye nyuzi, mimi ni bubu.

Kumbe Wafula alikuwa mlangoni anasikia.

"Basi imeisha," akasema. "Wewe simama mbele uimbe. Gita atapiga Ilunga. Mimi natafutia yeye kibali ya kutoka kambi, Jumamosi tuko naye Lodwar."

Ilunga alinitazama akainamisha kichwa. Mimi nikaanza kukunja waya wa gita.

Ndugu zangu, mtasema nimepata bahati ninalia nini. Hamjui nililo nalo kifuani. Gita ndilo lililokuwa linanificha. Nikikubali, nitasimama mbele ya watu mikono mitupu, na ile sauti ikikataa kama ilivyokataa Kakuma, safari hii sitakuwa na chochote cha kushika. Nikikataa, Ilunga ataimba na kupiga, nami nirudi nyumbani kwa mke mjamzito. Silali vizuri. Chakula hakipiti. Nikisikia spika za kanisani zikijaribiwa, nafunga dirisha.

Nilimweleza Akiru. Akaniuliza, "Si umesema sauti ilitoka?" Nikasema ndiyo. "Sasa unaogopa nini?" Nikasema naenda kuteka maji, nikatoka.

Leo asubuhi Wafula alipita kwangu. "Ejok," akanisalimia kwa Kiturkana chetu, kama mtu aliyekuja kunywa chai tu. Kisha akasema anachukua gita ampelekee Ilunga kambini, alizoee kabla ya Jumamosi. Ni mali ya bendi, ningesema nini? Nikalifuta vumbi nikampa. Sijasema nakubali, sijasema nakataa, na hakuniuliza.

Ninyi mnaopiga vyombo, hivi ni lazima kila mtu aimbe? Hakuna kazi ya kunyamaza siku hizi? Nishaurini jamani, nifanye nini, maana nimekaa hapa kitandani tangu aondoke, na vidole vyangu bado vinapiga.