Muhogo Mchungu Unataka Muda

Asubuhi ile mama alikuwa amepiga magoti kando ya kijito, akiminya muhogo uliolowekwa kwa kidole gumba. Ukivunjika wenyewe, umeiva. Ukikaza, unarudi majini. Hakuwa na kipimo kingine. Dada yangu Zuwena, msichana wa miaka kumi na tano, alikuwa akivuka kijito kwa kuruka mawe, beseni kichwani, bila kulishika.

"Weye Seif, unavuka kama bibi harusi!" alinipigia kelele.

"Mwache," mama akasema bila kuinua uso. "Yeye hajamwaga beseni. Weye juzi umelisha samaki."

Kijiji chetu kilikuwa milimani, upande wa Kongo, juu ya Ziwa Tanganyika. Tulipanda muhogo wa aina mbili. Mtamu ulikaa karibu na nyumba. Huo unachimba na kuchemsha. Mchungu tuliupanda mbali, kwa sababu nguruwe mwitu, nyani na wezi hawaugusi. Una sumu. Maji huitoa sumu hiyo, lakini kwa muda wake, na mtu hawezi kuyaharakisha. Hayo mama aliyajua kutoka kwa mama yake.

Vita vilitufikia mwishoni mwa miaka ya tisini. Wenye bunduki wa kwanza walichukua mahindi na maharage. Wa pili walikuja wakisema wametukomboa na wale wa kwanza, wakachukua mbuzi. Wote walichimba muhogo mtamu. Baba alikuwa ameshafariki. Mama akatupeleka msituni juu ya kijiji, tukaanza kuishi kwa muhogo mchungu, ambao hakuna jeshi lililoujua.

Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo wakati wa amani halikuwa na maana. Muhogo unaolowekwa hunuka. Ni harufu kali, ya kuchacha, na upepo wa bondeni huibeba mbali. Zamani ilimwambia mpita njia kwamba hapa pana chakula. Sasa ilimwambia askari kwamba hapa pana watu.

Askari waliifuata mpaka kijitoni, mchana.

Mimi na Zuwena tulilala chini kwenye magugu. Mama alikuwa majini, hakuwahi kutoka.

"Hii nini?" aliuliza mkubwa wao.

"Muhogo."

"Tunaubeba."

"Bado."

"Bado nini?"

"Haujaiva. Mkiula leo utawaua."

Walicheka. Mmoja akasema, "Mama huyu anatupangia mpaka siku ya kula!" Wakajaza magunia, wakashuka.

Mama alituambia tufunge mizigo. Tulikuwa bado tunafunga walipopanda tena, kesho yake. Tuliwasikia wakiponda matawi. Mama akatusukuma kwenye magugu yaleyale, yeye akatoka mbele yao ili wasitafute zaidi.

"Umetutilia sumu gani? Mwenzetu amekufa."

"Niliwaambia bado."

Alilisema hilo akiwa amesimama wima, kwa sauti ileile aliyotukemea nayo sisi tulipochungulia chungu.

Wakamchukua.

Hatukusikia risasi. Hatukuona maiti. Mama hana kaburi, na mimi sina la kuongeza hapo.

Zuwena akawa ndiye mama. Njia ya kuutoa sumu aliijua yote, kila hatua yake. Hakuwa na mahali pa kuifuata. Kijito kililindwa na askari, kwa hiyo aliuloweka ndani ya chungu kilichofunikwa majani, na kabla harufu haijatoka aliutoa muhogo ukiwa haujaiva, akaukausha kidogo, akautwanga. Hatukuwa na maharage wala samaki. Tulikula hivyo muda mrefu. Sehemu kubwa alinipa mimi hapo mwanzo, kisha nilipopata dengu za wizi nikawa nakula huko huko nje na wavulana wenzangu wa msituni, naye akabaki na muhogo peke yake.

Asubuhi moja aliinuka kwenda kuchota maji. Alisimama juu ya vidole, magoti yamekakamaa, akaanguka. Kwanza alicheka. Akainuka, akaanguka tena.

Hakuwa na homa. Hakuwa na maumivu. Miguu tu ilikuwa imeacha kumtii.

Nilimbeba mgongoni mpaka ziwani. Ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya wakimbizi, daktari alitueleza kwa upole kwamba ni sumu ya muhogo, kwamba ugonjwa huu huwapata watu wa vita na njaa, na kwamba hauponi.

Ndugu wa baba, Waarabu wa Maskati, walitutafuta mpaka wakatupata, wakatuleta kwao. Leo tunakaa mtaa wa Ansab. Mimi ni fundi wa pampu za maji, Zuwena hutembea kwa magongo mawili na hupika muhogo wa nazi wa kuuza. Mke wa marehemu ami yetu, Bi Nunu, mzaliwa wa Unguja, ametupokea vizuri, Mungu amlipe. Lakini kila Idi sahani ya muhogo ikiwekwa, hana budi kusema.

"Sisi kwetu twala muhogo tangu kuzaliwa, na miguu yetu tunayo. Nyie wa bara, Mungu anisamehe, hamkujua kupika tu. Maskini, mama yake mwenyewe ndiye aliyemlisha!"

Zuwena huendelea kupakua. Mimi, kwa vile shule niliiachia vitani, nilianza kusoma peke yangu ili nipate jibu. Nikajua kwamba muhogo haukuwa wetu. Wenyeji wa Amerika ndio waliougeuza kutoka mzizi wenye sumu hadi kuwa chakula, kabla merikebu yoyote ya Ulaya haijafika kwao. Wareno walibeba vijiti vya muhogo hadi Kongo katika biashara yao ya watumwa. Waliojua kuutoa sumu hawakubebwa kuja kufundisha. Wao huko walikuwa wanakufa kwa ndui na mijeledi, na wengine wanakimbilia misituni. Bibi zetu ilibidi wajifunze upya, kwa kuonja. Hakuna aliyeandika nani alionja kwanza.

Sisomi habari hizi kama mtu asiye na doa. Babu wa babu yangu, upande wa baba, aliingia Kongo na bunduki kuwinda watumwa. Upande wa mama ni wale aliowakuta.

Kisha akaja Doreen. Anafundisha maabara chuo kikuu kule Al Khoudh, na alifika mlangoni kwetu kununua muhogo. Ni Mmakushi, mwenyeji wa asili wa Guyana, Amerika ya Kusini. Alizungumza Kiingereza, nami nikamtafsiria Zuwena.

"Kazini wananiambia wamesoma kwamba sisi tulikufa tukaisha," alisema.

"Unawajibu nini?"

"Nawaambia leo nimeingia kazini saa moja na nusu."

Zuwena alicheka mpaka akashika ukuta. Siku hiyo, bila kuulizwa, alimsimulia Doreen yote: kijito, harufu, chungu kilichofunikwa. Doreen alisikiliza, halafu akasema kwamba wawindaji wa watumwa walipovamia kwao, watu waliacha nyumba ziungue, lakini walibeba matapi. Ni mfuko wa kusuka, mrefu na mwembamba, wa kukamulia muhogo uliokunwa.

"Wakikuacha na muda, unapika. Wakikunyang'anya muda, huna kosa," alisema. "Mwambie hivyo."

Nilimwambia. Zuwena akauliza, "Huo mfuko unasukwaje?"

Waliusuka kwa makuti ya mtende, kwa kuwa Zuwena ni msusi wa mikeka. Wa kwanza ulipasuka. Wa pili tuliutundika Ijumaa kwenye boriti ya banda la gari, umejaa muhogo tuliokuna. Chini yake hupitishwa mti, na mtu huukalia, uzito wake uuvute mfuko mpaka ukamuke. Doreen alimshika Zuwena mkono, akamkalisha juu ya mti huo.

Bi Nunu alikuwa amekuja kutusalimia. "Na huyu kazi yake kukaa tu?"

"Nnakaa kazini, bibi," Zuwena akamjibu, kwa Kiunguja chake yule bibi. "Mama yetu alijua kupika. Wenye bunduki walitunyima siku."

Bi Nunu alitazama maji meupe yakidondoka kwenye beseni. Kisha akavuta kiti.

Miguu ya dada yangu hairudi. Mama harudi. Waliomchukua sijui kama wako hai, na sijawasamehe.

Baada ya kitambo nilimwuliza Zuwena kama nimsaidie kushuka. Aliuminya mfuko kwa kidole gumba.

"Bado," akasema.