Mama Agongaye Kuta

Yule mama awashauriye wapangaji hakisifu chumba kabla hajagonga ukuta wake kwa kifundo cha kidole, akautegea sikio kama tabibu kifuani mwa mgonjwa. Nilimpelekea dada yangu mjane, aishiye peke yake na ambaye miguu imeanza kumwangusha. Chumba cha kwanza kilikuwa kipana, chenye kuta nene na ukimya wa msikiti baada ya sala, dada akakipenda. Mshauri akagonga, akangoja, akatikisa kichwa. Katika cha pili, kilicho kifinyu, alipogonga tu, fundi cherehani wa jirani akaitika: "Nani? Kuna usalama?"

"Chukua hiki, mama," mshauri akamwambia dada kwa upole.

"Hiki? Si watasikia hata nikikoroma!"

"Na ukianguka, mama, watasikia pia."

Dada akanyoosha mkono, akaugonga ukuta mwenyewe, taratibu.

"Nipo bado!" akaitika fundi.