Nilizika mgomba nikaupa jina la rafiki yangu

Ndugu zangu, kosa ni langu peke yangu. Sikulewa, sikutumwa na mtu, wala shetani hakunipitia. Siku ile naona hata shetani alikaa pembeni akinishangaa!

Wanaonijua hapa Tukuyu wanajua mimi ni mtu wa chumvi nyingi. Manyunyu yakinishika Ibighi, nikifika sokoni nasema nimevuka gharika ya Nuhu. Nilipomaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nilitangaza mpaka ng'ombe wakajua, na bodaboda wenzangu wakanipachika jina la Profesa. Lakini haya ya leo sijayatia chumvi hata punje.

Kwenye masomo hayo nilikaa dawati moja na Ipyana (jina nimelibadili), mtoto wa jirani. Hesabu zote nilinakili kwake. Mama yake alitupatia maziwa ya mgando kabla ya kwenda darasani, kikombe chake na changu sawasawa. Baadaye Ipyana akahamia Dar kuuza maparachichi.

Kwenye siasa tu ndipo tulipoachana. Yeye na mgombea wake wa urais, mimi na wangu. Kampeni nzima tulitaniana kwenye simu.

"Profesa, nunua leso mapema," aliniambia. "Matokeo yakitoka nakuja kukufuta machozi mwenyewe."

"Utakayelia ni wewe, mpaka Ziwa Nyasa lifurike!"

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Laiti ningejua!

Rais akatangazwa. Mgombea wangu! Nilipiga honi mpaka nadhani Mlima Rungwe uligeuka kutazama. Wenzangu wa kijiweni wakataka tufanye kitu cha kukumbukwa miaka mia. Hapo ndipo akili yangu mbovu ilipoamka.

Nilikata mgomba, nikauvika kanga, tukaubeba mabegani kama maiti hadi mbele ya nyumba ya kina Ipyana. Sasa elewa, kwetu mgomba si mchezo. Mtu akipotea na mwili usionekane, wazee huzika mgomba badala yake, ili ndugu wapate pa kulilia. Nilijua! Nimezaliwa huku, hilo nililijua kabla ya a, e, i, o, u.

Tukachimba shimo kando ya barabara. Mimi nikajifanya mchungaji.

"Mchungaji, marehemu anaitwa nani?" mmoja akapaza sauti.

Ningemtaja mgombea aliyeshindwa, watu wangecheka, yangeisha. Lakini nilitaka utani unoge.

"Ni ndugu yetu Ipyana! Ameuawa na matokeo!"

Kicheko kilichoangushwa pale, mama yangu! Nikarekodi video, nikamtumia Ipyana papo hapo.

Baba yake akatoka, panga la shambani mkononi, matope miguuni. Hakufoka.

"Gwe mwanangu, umemwita nani humo shimoni?"

"Utani tu, baba. Mwenyewe ataucheka."

"Tangu siku ya kura simu yake haipatikani. Mama yake hali chakula. Mfukue."

Kyala, Mungu wangu! Nilikuwa sijui. Lakini hapo bado nilikuwa na nafasi. Ningepiga magoti, ningefukua kwa kucha. Ila wenzangu walikuwa wananitazama, na Profesa hakutaka kuonekana mdogo.

"Atakuwa ameizima kwa aibu ya kushindwa, baba!"

Nikawasha pikipiki, nikaondoka. Mgomba nikauacha humo humo. Njiani nikaangalia ile video: tiki moja, haijamfikia. Nikasema ananinunia huyu.

Baadaye mwenzake Ipyana aliyepanga naye chumba kimoja Dar akaja na begi la Ipyana. Alisema Ipyana alitoka kununua mkate, hakurudi. Ndugu walizunguka hospitali, vituo vya polisi, vyumba vya maiti. Hakuna kitu. Mvua zikaja, zikakatika, zikaja tena. Wazee wakakaa, wakaamua: uzikwe mgomba.

Nikachagua mgomba mnene kuliko yote shambani kwetu. Nikaubeba peke yangu, nalia kweli, si kilio kile cha kuigiza. Baba yake akanizuia kwenye ua.

"Rudi nao. Wewe wako ulishazika."

Wale niliowachekesha siku ile walipita pembeni yangu na majembe, macho chini, wakaingia. Mimi nikabaki barabarani na mgomba wangu begani, nasikiliza nyimbo za maziko ya rafiki yangu kama mpita njia.

Ndugu msomaji, mgombea wako akishinda, shangilia, cheza, gaagaa matopeni ukitaka. Lakini usichukue jina la mtu ukalipeleka kaburini kwa kunogesha kicheko. Hujui nani kwa jirani hapokei simu. Rais niliyempigia honi hajui hata kama nipo duniani. Ipyana alinijua!

Juzi mama yake alinisimamisha njiani, ametoka kukata majani ya ng'ombe. Nikajua leo natukanwa, na nikaona ni haki yangu.

"Ile video uliyomtumia," akasema taratibu, "ameiona?"

"Bado, mama."

"Basi usiifute, mwanangu. Siku akiiona, uje mbio utuambie."

Sijaifuta. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, nafungua simu. Tiki bado ni moja.