Kitambaa Chenye Pindo Jekundu

Mie naitwa Auleria. Miaka tisa nilishona makava kwenye kiwanda kimoja cha magodoro pale Chang'ombe, na mtu ninayetaka kusimulia habari zake ni Tupokigwe, karani wa ofisi ya utumishi, mtu wa Tukuyu, maneno yake ya kuhesabika. Wengi hawakujua hata anakaa wapi. Mie nilijua kwamba anafuma, kwa sababu siku ya kicheni pati yangu aliniletea seti nzima ya vitambaa vya makochi, kaifunga kwenye gazeti. Uzi wa rangi ya maziwa, pindo jekundu. Ule wa maziwa ulimwishia, akamalizia na uzi mwekundu uliobaki kwenye sweta la mpwa wake. Seti kama hiyo zilikuwa mbili tu, yangu na ya mezani nyumbani kwake.

Mwaka jana baada ya Pasaka ikatokea tovuti. Haina jina la mtu. Ilikuwa na maelezo mafupi na picha ya karatasi moja: vipimo vya mapafu vya wafanyakazi kumi na wawili, majina yamezibwa kwa weusi. Wakubwa walikuwa wametupima, wakatuambia wote wazima, rudini kazini. Karatasi ilisema mengine. Mstari wa tatu ulikuwa mbaya kuliko yote.

Tuliisoma wakati wa chakula, simu moja watu sita.

"Masikini huyu wa tatu," nikasema. "Atakuwa Cyprian."

Cyprian wa kwenye sponji alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta. Sie wengine tulikohoa vya kawaida. Basi tukawa tunamwachia kiti cha karibu na mlango, na siku moja nilimpa chungwa langu.

Jinsi Tupokigwe alivyojificha alipoifungua tovuti hiyo nilikuja kuambiwa baadaye, na yeye mwenyewe. Binamu yake Elibariki, fundi wa kompyuta, ndiye aliyemfundisha. Usitumie laini yako, imesajiliwa kwa kidole chako. Jina la tovuti lisajili mahali wanapomficha mwenye nalo. Picha inabeba tarehe na mahali ndani yake, vifute. Usiandike unavyoongea. Akafanya yote hayo, moja baada ya jingine. Ila siku ya kupiga picha aliilaza karatasi juu ya meza yake ya nyumbani, karibu na dirisha apate mwanga, na kwenye kona ya chini likabaki pindo jekundu, upana wa vidole viwili. Elibariki anajua kompyuta. Vitambaa hajui.

Bwana Mwinjuma, mkuu wa utumishi, aliniita siku ya Alhamisi. Mezani pake palikuwa na simu mbili. Moja ina picha ya tovuti. Nyingine ina picha yangu niliyoweka stetasi siku ya ubatizo wa mwanangu, nimekaa kwenye kochi langu.

"Dada Auleria, kitambaa hiki ni chako?"

Nikasema ni changu. Maana ni changu.

"Nani mwingine anacho?"

Kwenye kioo cha mlango nilikuwa namwona Tupokigwe anagonga mihuri. Hakuinua kichwa. Nikasema sijui. Mtu asinisifie ujasiri, sikuwa nao. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nikasaini barua ya kuachishwa kazi, nikatundika aproni, nikaondoka.

Tukahamia Chanika, kwenye kiwanja cha mume wangu Albano, nyumba haijapigwa hata lipu. Sikulia. Nilikuwa naingoja hasira, na ilipokuja ikaja ya kijinga: mtu mzima, karani, unaficha kila kitu halafu unapiga picha juu ya kitambaa ulichonifumia mimi! Ikapita. Nikarudi kwenye ukimya wangu, napika, nafua.

Mwezi wa pili tangu tuhamie, Tupokigwe akatuma ujumbe kwamba anakuja. Nikavitoa vitambaa sandukuni, nikavitandika makochi yote. Makusudi. Alipoingia akaviona, akabaki amesimama.

"Kaa," nikamwambia. "Si kazi ya mikono yako?"

Akakaa ukingoni kabisa. Akanisimulia hayo ya Elibariki, akaomba msamaha. Nikamwambia yamekwisha.

"Hayajakwisha, dada." Akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ile ile, safari hii haijazibwa. "Ilinipasa nikwambie wewe kwanza, kabla ya tovuti. Niliogopa. Ukijua wewe, na mimi nimejulikana."

Nikamtafuta Cyprian. Alikuwa wa tisa, afadhali yake. Nikapanda juu na kidole mpaka mstari wa tatu. Lilikuwa jina langu, na la baba yangu, limeandikwa vizuri kabisa.

Maji ya chai yalikuwa yanachemka, nikainuka kwenda kuyaipua. Mlangoni nikakohoa kidogo, kama ninavyokohoaga siku zote. Safari hii nilijisikia nikikohoa.